Mwenye Kiti na Mwenyekiti

Katika londri yetu kulikuwa na kiti kimoja tu, na mwenye kiti hakuwa mwenyekiti. Nalisema hili mapema kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na kuwachanganya watu hao wawili. Waliowachanganya ni sisi Wakenya, ambao ukitutupa jangwani tutaunda kamati kwanza, maji tutayatafuta baadaye.

Londri yenyewe ilikuwa chini kabisa ya hoteli moja ya Al Sadd, mjini Doha, chini hata ya maegesho ya magari, mahali ambapo mgeni wa hoteli hafiki hata akipotea. Juu kulikuwa na marumaru na harufu ya udi. Kwetu kulikuwa na mvuke, ngurumo za mashine za kufulia, na ile mashine ndefu ya kupigia shuka pasi, ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikiilisha. Unashika pembe moja ya shuka, mwenzako anashika nyingine, mnaitia mdomoni mwa mashine, nayo inaimeza na kuitema upande wa pili ikiwa imenyooka. Ni kazi ya kusimama mwanzo hadi mwisho. Miaka ya kwanza sikuihesabu kuwa kazi ngumu, kwa maana nimezaliwa na watu wanaoinama shambani kutwa nzima. Nilidhani miguu ni kitu ambacho Mungu hutoa mara moja, bila masharti.

Kisha mishipa ya mguu wa kushoto ikaanza kujitokeza. Jioni, nikivua soksi chumbani kwetu, mtaa wa Najma, wenzangu walikuwa wakija kuutazama ule mguu na kusema pole, halafu wanaangalia miguu yao. Daktari wa zahanati aliubonyeza hapa na pale, akaniambia nikae kidogo kila baada ya muda. Akasema nisipokaa sasa, itafika siku sitaweza kusimama hata nikilipwa mara mbili. Nikayapeleka maneno hayo kwa msimamizi.

Kiswahili kina ujanja wake wa kimyakimya. Msimamizi ni mtu wa kusimamia, na kusimamia kumetoka kwenye kusimama. Huyu wetu, ingawa hakujua neno hata moja la Kiswahili, alilitii neno hilo kuliko Mswahili yeyote niliyewahi kumwona. Alitusimamia, akatusimamisha, na yeye mwenyewe akasimama. Hakuwa mtu mbaya. Mgongo ulimsumbua, na nilimwona mara nyingi akijiegemeza kwenye kabati la sabuni alipodhani hatumwoni.

"Mafi kursi," aliniambia, kwa kile Kiarabu cha Doha ambacho kila mtu anakizungumza na hakuna aliyekisomea. Maana yake, hakuna kiti. Neno hilo "mafi" masikio yetu huchukua muda kulizoea, na siku hiyo lilinifaa kama lilivyosikika.

Kisha akaniambia jambo lililoninyima usingizi. Mkataba wangu ulikuwa unaelekea ukingoni, na kabla ya kuuongeza, ofisi humuuliza yeye kama kila mmoja wetu bado anaiweza kazi. "Unaiweza?" aliniuliza, bila ukali wowote. Nikasema naiweza sana. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Nyumbani nilikuwa na binti chuoni, anasomea uuguzi, na chuo hakiwezi kusubiri mishipa ya mama yake ipone. Niliogopa, tena niliogopa sana, na mtu mwenye hofu hasemi ukweli kuhusu miguu yake.

Kile kiti kimoja kilikuwa cha fundi wetu wa cherehani. Alikuwa mama wa Kiarmenia, karibu miaka sitini, miwani ameitundika shingoni kwa uzi, na mdomo wake umejaa pini saa zote, kiasi kwamba maneno yake yalipita kwa zamu. Sote tulimwita Mama Fundi. Yeye alituita sote "jan", neno la kwao la kumwita mtu unayempenda, hata pale alipokuwa akitugombeza. Aliponiona mara ya kwanza nikiombea chakula, aliniarifu kwamba watu wa kwao walikuwa Wakristo kabla ya hao Wazungu waliotuletea sisi, akasubiri nimpongeze. Nikampongeza. Tulizungumza Kiingereza cha hotelini, yeye akikivunjia upande wake na mimi upande wangu, tukielewana katikati.

Hata kile kiti hakikuwa chake hasa. Msimamizi alishatufafanulia kwamba ni kiti cha mashine. Kilikuja pamoja na cherehani, na siku cherehani itakapoondoka kitaondoka nayo. Mtu anayekikalia ni mpita njia tu.

Basi hoteli ikatangaza kwamba wafanyakazi watachagua wawakilishi wao. Chama cha wafanyakazi kwetu sisi wageni hakipo kule, sheria haikiruhusu. Kinachoruhusiwa ni kamati ya pamoja, wakubwa upande mmoja wa meza na sisi upande wa pili. Wengine walisoma lile tangazo wakaendelea na kazi. Wakenya tuliposoma neno kamati, tuliamka kama watu waliosikia mlio wa chapati kikaangoni.

Mgombea wetu alijulikana kabla ya kutafutwa. Alikuwa mwanamume wa kwetu aliyesukuma toroli za taulo chafu kutoka vyumbani hadi kwetu. Kule nyumbani alikuwa ameongoza kamati za harusi, kamati za mazishi, na kamati moja ya kuchunguza kamati nyingine. Sauti alikuwa nayo. Kaptula na fulana alikuwa ameziachia maisha yake ya zamani. Hapa kazini hata sare ya kusukumia toroli aliivaa imepigwa pasi mpaka ikakata. Watu walikuwa wakimwita Mwenyekiti hata kabla ya kura, na kura zilipopigwa alishinda kwa kishindo, Waganda nao wakimuunga mkono kwa sharti kwamba hotuba ziwe fupi. Sharti hilo ndilo la kwanza alilolivunja.

Mama Fundi alituona tukishangilia kati ya mikokoteni ya shuka, akaniita.

"Hilo neno mnalomwita," akasema kupitia pini, "mwenye-nini?"

"Mwenyekiti. Ni mkubwa wa kikao."

"Na kikao?"

"Mkutano. Lakini limetoka kwenye kukaa. Watu wakikaa pamoja kuzungumza, hicho ni kikao."

"Na yeye?"

"Mwenye kiti. Aliye na kiti."

Akamtazama Mwenyekiti wetu, aliyekuwa ameinamia toroli akiivuta juu ya kizingiti, jasho likimtiririka. "Kiti chake kiko wapi?" akauliza. Akatoa pini zote mdomoni ili acheke vizuri.

Siku hiyo nilimfundisha neno moja la Kiswahili, kwa kuwa alilitaka. Nilimwambia, *kaa*. Ndiyo kuketi. Halafu nikamweleza kwamba neno hilohilo ndilo tunalotumia kwa kuishi mahali. Mimi nakaa Najma, wewe unakaa na sisi, mgeni akitaka kuondoka mapema tunamwambia kaa kidogo. Kuna na kaa wa baharini na kaa la moto, lakini sikutaka kumchosha. Alilirudia mara kadhaa, akalipenda.

"Basi kwenu," alisema, "asiye na pa kukaa hana pa kukaa."

Nikamwambia kwa mara ya kwanza amezungumza Kiswahili sanifu.

Ndipo akanisimulia habari za chama chao. Alikuwa msichana katika kiwanda cha soksi, enzi ambapo nchi yao ilikuwa ya Wakomunisti na kila mfanyakazi alikuwa mwanachama, atake asitake, kama vile kila mtu ana kitovu. Mwaka mpya ukifika, mwenyekiti wa chama alipita kwenye mashine na sanduku la machungwa, kila mtu machungwa yake. Kwao ni baridi, chungwa lilikuwa tukio. Kiangazi, chama kilikupa zamu ya kwenda kupumzika kwenye chemchemi za maji moto, ukirudi mashavu yamejaa. Watu walikipenda chama chao. Alisema hivyo bila kejeli, naye ni mtu wa kejeli.

"Lakini chama hakikuwahi kuniuliza ninataka nini," alisema. "Wala mimi sikuwahi kukiambia. Kiliniuliza tu kwa nini soksi ni chache."

Kisha nchi ikageuka. Kiwanda kikapata mnunuzi, na mnunuzi akaanza kwa kufunga chumba cha kupumzikia na kukata mapumziko ya chai. Wanawake wa soksi wakapanda ngazi hadi ofisi ya chama, mara ya kwanza katika maisha yao kupanda kule na hoja mkononi. Mwenyekiti aliwasikiliza kwa huruma, kisha akawaambia samahani, machungwa yamekwisha.

"Hakuelewa kwamba tunataka kitu kingine," alisema Mama Fundi. "Na sisi wenyewe tulikuwa tumechelewa kuelewa. Hatukujua kuomba, jan. Tulijua kupokea tu."

Kilichobaki cha kiwanda ni ukuta na jina. Binti za wale wanawake wakatawanyika, na yeye naye, uzeeni, akaishia chini ya maegesho ya Al Sadd akizungushia pindo vitambaa vya meza.

Ijumaa moja baada ya ibada, maana kule hata makanisa hujaa Ijumaa, tulikwenda ufukweni Al Wakrah kumpa Mwenyekiti hoja za kupeleka. Tulitandika mikeka, tukafungua vyombo vya wali na maharagwe, na kwa mara ya kwanza kikao kikawa kikao kweli, kila mtu amekaa. Mwenyekiti pekee ndiye aliyesimama, ili aonekane.

"Wasee, tulieni. Itifaki imezingatiwa," alianza, ingawa hapakuwa na mtu wa kufanyiwa itifaki isipokuwa paka mmoja. Akapokea hoja. Ladha ya chai. Rangi ya sare. Basi linalochelewa. Mimi nikanyoosha mkono nikasema kiti. Nikasema kwamba wanawake wa londri wanahitaji kitu cha kukalia, na kwamba mimi nisipokaa sitaongezewa mkataba. Nilijaribu kulisema kwa utani, sauti ikanisaliti katikati. Mwenyekiti alinitazama kwa upole wa kweli.

"Dada, hiyo nimeiskia. Ni hoja nzito sana," akasema. "Tutaiweka kwenye Mengineyo."

Msomaji asiyejua vikao vyetu hawezi kujua maana ya neno hilo. Mengineyo huwa mwisho wa ajenda, baada ya maombi, utambulisho, salamu za wageni, kuthibitisha yaliyopita na yatokanayo na yaliyopita. Huko ndiko tunakoweka jambo lililotuleta. Hatuna nia mbaya. Tumelelewa kuona kwamba jambo kubwa kulitaja mwanzoni ni utovu wa adabu, kama kuingia nyumba ya mtu na kuuliza chakula kabla ya salamu. Watu wote pale mkekani wakatikisa vichwa kukubali, na mimi pia, Mungu anisamehe, nikatikisa.

Kamati ikakutana ghorofani. Alasiri Mwenyekiti akashuka kwetu akiwa hajasukuma toroli hata moja siku hiyo, uso unang'aa.

"Viti vya huko juu, hamtaamini," akasema. "Vinazunguka! Unageuka kumwangalia meneja bila kugeuza shingo."

"Na kiti chetu?" nikamuuliza.

"Kiko Mengineyo."

"Mengineyo yalizungumzwa?"

"Muda uliyoyoma, dada. Lakini yameahirishwa kwa heshima. Na hatukutoka mikono mitupu." Akafunua sanduku alilokuwa ameliweka juu ya mkokoteni wetu wa shuka. "Menejimenti inawashukuru kwa ushirikiano mwema."

Lilikuwa sanduku la machungwa.

Nilimtazama Mama Fundi. Alianza kucheka, kicheko kile kikubwa cha kutoa pini mdomoni, akacheka hadi akashika meza. Halafu kicheko kikamkatikia. Mwenyekiti alimpelekea chungwa kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akidhani amefurahi. Mama Fundi akalitazama, asilipokee. Akamgeuzia mgongo, akakanyaga cherehani yake kwa nguvu mpaka jioni. Mwenyekiti akaniuliza kwa mnong'ono kama Waarmenia wana mwiko wa machungwa. Nilikuwa na hasira naye, nikamwambia ndiyo, na kwamba amemkosea yeye na ukoo wake mzima.

Kesho yake nilipoingia, kiti cha Mama Fundi kilikuwa kando ya mashine yangu. Yeye alikuwa amesimama mbele ya cherehani, mguu mmoja sakafuni, mwingine kwenye kikanyagio, ameinama kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, anashona.

"Mama, chukua kiti chako," nikamwambia.

"Kaa," akasema. Neno lenyewe nililomfundisha.

Niliona aibu. Nikakaa kwa ukingo wa tako, nikainua mguu kidogo, na nafuu ilipoupanda mguu ule nikajikuta natokwa machozi mbele ya shuka za watu. Msimamizi akafika mbio.

"Hicho kiti ni cha mashine!" akasema.

Mama Fundi hakuinua kichwa. Akanyoosha kidole kuelekea mashine ndefu ya pasi iliyokuwa ikinguruma mbele yangu. "Ile," akauliza, "ni ng'ombe?"

Msimamizi akaamuru kiti kirudi. Mama Fundi akasema "khalas", yaani yamekwisha, akaendelea. Jioni ya siku hiyo ilikuwa ifanyike harusi kubwa ukumbini, na vitambaa vya meza vilivyotoka mikononi mwake vilikuwa na pindo lililopanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Hakuwa akiigiza. Jaribu kushona kwa kusimama katika umri ule, uone. Kufikia adhuhuri meneja mwenyewe akashuka, pengine kwa mara ya kwanza tangu jengo lijengwe, kitambaa mkononi. Na wakati huohuo mlango wa pili ukafunguka, toroli ikaingia, na nyuma yake Mwenyekiti.

Meneja alimtambua kutoka kwenye kamati. Akamuuliza kuna nini hapa, na je, wafanyakazi wana hoja?

Mwenyekiti akanyoosha koti la sare. Akakohoa. Nilikijua kikohozi hicho, nikafumba macho: baada yake hufuata itifaki, baada ya itifaki salamu, na kabla ya salamu kwisha meneja atakuwa ameondoka na Mama Fundi ameingia matatani kwa ajili yangu. "Kwanza kabisa," alianza, "ningependa kuchukua fursa hii..."

Kisha akanyamaza. Nilipofumbua macho nikaona anautazama mguu wangu, ambao ulikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, soksi imeshuka. Nadhani hakuwahi kuuona. Alikuwa ameusikia tu, kama hoja.

"Kiti," akasema. "Hoja ni kiti. Huyu akikosa kiti ataenda nyumbani. Wa kwanza ni yeye, wengine watafuata."

Akakomea hapo. Ni hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na Waganda wanaitaja hadi leo.

Meneja akamgeukia msimamizi, akauliza kama kuna viti visivyotumika popote. Sote tulijua jibu lingekuwa mafi. Msimamizi akashika mgongo wake kwa mkono mmoja, akasema polepole kwamba kwenye stoo ya mgahawa wa juu kuna viti virefu vya kaunta, vimekaa huko tangu mgahawa ubadilishwe samani. Alijua hata rangi yake. Nikatambua kwamba mtu yule alikuwa akipita mbele ya stoo ile kila siku, akivitamani, na hakuwa na wa kumwomba. Hasira yangu kwake ikapungua hapohapo.

Viti vikaja, vyekundu, virefu, vyenye kuzunguka. Mwenyekiti ndiye aliyevileta kwa toroli, kimojakimoja, akivisukuma taratibu kama wazee wanaokwenda kanisani. Kila mashine ikapata chake, na msimamizi naye akapata. Mama Fundi akarudishiwa cha kwake. Aliyebaki bila kiti ni Mwenyekiti peke yake, kwa sababu toroli haisukumwi mtu akiwa ameketi. Tulimtania kwa hilo wiki nzima, naye akapokea utani kwa ukunjufu, ila mara mojamoja nilimwona akizungusha kiti kitupu kwa kidole, anakumbuka.

Siku ya mkataba, msimamizi alikuja mashineni kwangu na kalamu. Mimi nimelelewa hivi: mkubwa akija kuzungumza nawe, unainuka. Shuka ikiwa mkononi, nikateremsha mguu mzuri sakafuni, kisha ule mbovu.

"Kazi," akauliza msimamizi, "bado unaiweza?"

Nyuma yangu cherehani ilinyamaza. Sikugeuka, lakini nilisikia pini zikiwekwa mezani, moja, nyingine, zote.

"Kaa," akasema Mama Fundi.

Nikakaa.